Mwili Ulale, Akili Ikae Macho: Mwongozo Kamili wa Kutumia Sauti za Mawimbi ya Ubongo katika Taamuli na Ndoto

Chukua gitaa. Bonyeza uzi wa tano kwenye freti ya tano, uupige pamoja na uzi wa nne ulioachwa wazi. Kama nyuzi hizo hazijapatana sawasawa, utasikia kitu cha tatu ambacho hakimo katika uzi wowote: mtikisiko, waa-waa-waa, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba chenye redio. Kaza uzi wa nne kidogo kidogo. Mtikisiko unapungua kasi, waa… waa… waa, mpaka unatoweka na sauti mbili zinakuwa moja. Wapigaji wa nyatiti hupatanisha nyuzi zao nane kwa sikio hilo hilo, bila mashine.

Mtikisiko huo ndio mzizi wa rekodi zote zinazoitwa sauti za mawimbi ya ubongo. Mimi ni fundi wa sauti hapa Kisumu. Siku za kazi natengeneza spika na amplifaya, na wikendi nakaa nyuma ya mikisa harusini, kanisani na matangani. Nilirudi nyumbani alfajiri mara nyingi kichwa kikiwa bado kinavuma, usingizi hauji, na katika kutafuta namna ya kutulia nikakutana na taamuli, ile ambayo wengi huiita meditesheni, kisha na hizi sauti. Nimezitumia kwa miaka kadhaa sasa. Nimefundisha marafiki wachache, na makosa yao yamenifundisha kuliko mafanikio yangu.

Shabaha yetu ni moja. Kiswahili kina neno zuri sana kwa ile hali ya kuwa si macho wala si usingizini: mang'amung'amu. Kwa kawaida tunaipita kwa dakika chache tu bila kujua, kama abiria aliyesinzia akapitwa na stendi yake. Tunataka kufika pale tukiwa na fahamu zetu, tukae, na baadaye tuingie nazo hadi ndani ya ndoto, tuote tukijua kwamba tunaota.

Nianze na jambo ambalo wauzaji wa rekodi hawalisemi. Sauti haitakubeba. Ukivaa hedifoni na kusubiri ikufikishe, utalala fofofo na utaamka asubuhi betri ya simu ikiwa imekwisha. Sauti hufundishwa. Unaifunga na hali ya kuwa macho wakati uko macho kweli, mara nyingi, usiku baada ya usiku, mpaka siku moja inakuita kwa jina ukiwa ndani ya ndoto. Mwongozo huu wote umesimama juu ya hilo.

Kinachotokea kichwani

Kwenye gitaa, sauti mbili zinakutana hewani kabla hazijafika sikioni. Sasa fikiria sikio la kushoto linapewa mlio wa hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, na la kulia linapewa 206, kila moja peke yake kupitia hedifoni. Hewani hazikutani kabisa. Hata hivyo utasikia mtikisiko hafifu wa mara sita kwa sekunde, kana kwamba unatoka katikati ya fuvu. Unazaliwa kwenye shina la ubongo, pale ambapo habari za masikio mawili hukutanishwa, pale pale panapokujulisha kwamba bodaboda inayokuja inatokea kushoto hata kabla hujaiona. Mwanafizikia Heinrich Wilhelm Dove wa Prussia aliugundua mtikisiko huu katika karne ya 19. Mwaka 1973 Gerald Oster aliandika makala juu yake katika jarida la Scientific American, na tangu hapo watu wengi wakaanza kuufuatilia. Una mipaka: milio yenyewe iwe chini ya hezi 1,000 hivi, na tofauti kati yake isizidi takribani hezi 30. Ukivuka hapo unasikia milio miwili tu.

Tofauti hiyo huchaguliwa kwa kufuata mawimbi ya umeme wa ubongo, ambayo Mjerumani Hans Berger aliyarekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Ukiwa macho, unafanya hesabu za duka, mawimbi ya beta, hezi 13 hadi 30, huonekana sana. Ukifumba macho na kutulia, alfa, 8 hadi 13. Ukianza kusinzia, theta, 4 hadi 8. Usingizi mzito ni delta, chini ya 4. Dai la wauzaji ni kwamba ukisikiliza mtikisiko wa hezi 6, ubongo wako utafuata uingie theta.

Je, unafuata? Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikusanya tafiti 14 zilizopima jambo hili kwa mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo. Tano ziliunga mkono, nane zilipinga, moja matokeo yake yalichanganyika. Mtu akikuambia sayansi imethibitisha, mwombe akuonyeshe hizo nane.

Utafiti ulionigusa zaidi ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ukachapishwa mwaka 2020. Watafiti waliwafundisha watu wakiwa macho: kila ukisikia mlio fulani au kuona mwanga fulani, chunguza hali yako, jiulize kama unaota. Kisha watu wakalala mchana maabarani, na mlio na mwanga vile vile vikaletwa kwa kiwango cha chini walipokuwa katika usingizi wa ndoto. Karibu nusu yao walipata ndoto ya kujijua katika usingizi huo mmoja. Mlio wenyewe haukuwa na muujiza wowote. Ulikuwa umefundishwa. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini rekodi zangu za mwanzo, nilizozicheza usiku kucha kama redio, hazikunipa chochote.

Kwa hiyo mimi nautumia mtikisiko kwa kazi mbili za kawaida. Kwanza, unaipa akili mahali pa kushika, kwa kuwa ni mgumu kidogo kuusikia na unalazimika kuutafuta. Pili, unakuwa alama: ukiusikia, mwili unajua ni wakati wa kulala na akili inajua ni wakati wa kukaa macho.

Nani asianze

Hapa nakuomba usome polepole. Mwenye kifafa asijaribu bila kuzungumza na daktari wake. Aliyewahi kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, au kupata vipindi vya akili kupanda na kuvurugika, aache kabisa. Kazi hii inalegeza mpaka kati ya ndoto na mchana, na yeye anahitaji mpaka huo uwe imara. Mwenye ndoto za kutisha zinazorudia tukio baya lililompata aende kwanza kwa mshauri.

Dawa nazo zina neno lao. Efavirenz, dawa ya ARV ambayo baadhi ya watu huku kwetu wameitumia miaka mingi, inajulikana kwa kuleta ndoto kali. Mefloquine ya malaria pia. Ukiwa unatumia mojawapo, usiache dawa hata siku moja kwa sababu ya ndoto, na usiongeze mazoezi haya juu yake. Mwambie mhudumu wako wa kliniki.

Na kama wewe ni dereva wa matatu au mwendesha boda, usikatishe usingizi wako katikati ya wiki ya kazi. Fanya zile hatua za jioni tu, za usiku wa manane ziweke kwa siku ya mapumziko. Usisikilize kamwe sauti hizi ukiwa barabarani.

Vifaa

Ni lazima hedifoni au zile ndogo za kuchomeka masikioni, za stereo, zote mbili zikifanya kazi. Spika ya mezani haifai kwa mtikisiko wa aina hii. Za waya ni nzuri na za bei nafuu, lakini pitisha waya juu ya kichwa, kuelekea ubao wa kitanda, usipite shingoni. Ukilala kwa ubavu na kitu kikakuumiza sikio, tumia zile ndogo kabisa kisha funga leso nyepesi kichwani kuzishikilia. Simu isiwekwe chini ya mto ikiwa kwenye chaji; iweke mezani, kwenye hali ya ndegeni, ili mtu asikupigie saa tisa usiku.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu iliyowekwa kwa ajili ya wenye shida ya kusikia, uhakikishe sauti ya mono imezimwa. Ikiwa imewashwa, masikio yote mawili yanapewa kitu kimoja na kazi yote imeharibika.

Kiwango cha sauti: kiwe cha chini kiasi kwamba mbu akipita nje ya neti unamsikia. Kama humsikii mbu, punguza. Sisemi hivi kwa ajili ya starehe tu. Shirika la Afya Duniani linashauri tusivuke desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu anayelala na sauti masikioni anazimaliza saa hizo haraka.

Stima ikipotea hupungukiwi kitu kama rekodi umeihifadhi kwenye simu. Usisikilize moja kwa moja mtandaoni. Umefika ukingoni kabisa mwa usingizi, mwili umelegea, halafu tangazo la kamari linapasuka masikioni: moyo utaenda mbio nusu saa.

Rekodi: kuipima, au bora uitengeneze

Nilipoanza nilinunua rekodi kwa muuzaji mmoja mtandaoni. Niliisikiliza wiki tatu. Siku moja kisikilizio cha kulia kikaanguka, na sikio la kushoto likaendelea kusikia waa-waa-waa kama kawaida. Nikaketi kitandani. Mtikisiko wa kweli wa masikio mawili hauwezi kusikika kwa sikio moja! Mtu alikuwa amechanganya pande zote mbili zikawa moja, labda bila kujua.

Hicho ndicho kipimo, na kinachukua sekunde kumi. Toa kisikilizio kimoja. Unapaswa kubaki na mlio ulionyooka, usiotikisika. Kirudishe, mtikisiko urudi. Ukitoa cha pili, vivyo hivyo. Rekodi isiyopita kipimo hiki inaweza kuwa nzuri ya kutuliza, ila siyo ile uliyoambiwa.

Kuitengeneza mwenyewe ni kazi ya nusu saa kwa kompyuta yoyote, hata ya saiba. Programu ya Audacity ni ya bure. Fungua ukurasa mpya, nenda kwenye menyu ya kuzalisha sauti, chagua mlio laini wa wimbi la saini, hezi 200, nguvu 0.2, urefu wa dakika 30. Ukishatokea, sukuma kitelezi cha kushoto na kulia hadi mwisho wa kushoto. Ongeza mstari wa pili. Huu uanze hezi 210 ushuke polepole hadi 206 ndani ya dakika 10 za kwanza; kipo kizalishi kingine katika menyu hiyo hiyo ambacho hukuuliza uanzie wapi na uishie wapi. Dakika 20 zilizobaki ziwe 206 tupu. Mstari huu usukume wote kulia. Sasa una mtikisiko unaoanza na mara kumi kwa sekunde, eneo la alfa, ukateremka hadi sita, kama mwili wenyewe unavyoteremka.

Mstari wa tatu ni uvumi mzito unaoitwa kelele ya kahawia. Unafanana na mvua ya mbali inayokuja kutoka ziwani jioni. Uweke chini sana, uzibe tu ukali wa mlio.

Mstari wa nne ndio roho ya rekodi: wito. Rekodi noti tatu za gitaa, do, mi, so, zilizopigwa taratibu. Ziweke kila baada ya dakika tano, kwa sauti ndogo. Usichukue mlio wa simu wala wimbo unaoupenda. Mlio wa simu utakushtua, na wimbo utakupeleka kwenye kumbukumbu zake. Mwanzoni sauti iingie polepole kwa sekunde 30, mwishoni ififie kwa dakika nzima, maana ukimya wa ghafla huamsha mtu kama kelele ya ghafla.

Hifadhi ikiwa stereo. WAV ya dakika 30 itakula megabaiti 300 hivi. Kama simu imejaa, MP3 ya ubora wa juu inatosha, mradi uchague stereo ya kawaida, si ile inayounganisha pande mbili ili kupunguza ukubwa.

Mama yangu alinikuta nikiipima. "Mwanangu," akaniuliza, "hizo sauti zinakuita, au wewe ndiye unaziita?" Alikuwa na hofu ya juogi, yaani mizimu, na ninaiheshimu hofu yake. Sikubishana. Nilimpa asikilize. Alifumba macho kama dakika mbili, akasema ni kama kisiagi kilicho ng'ambo ya kilima, na kwamba kingemlaza haraka. Tangu siku hiyo hajanikataza. Mwenye dini yake na aanze kwa sala yake. Haina mgongano wowote na hatua zinazofuata.

Wiki mbili za kwanza: jioni

Usiguse ndoto bado. Kila jioni, si kitandani wakati wa kulala bali mapema, saa kumi na mbili au saa moja, lala chali juu ya mkeka au kochi. Kama jirani ana matanga na spika zimeelekezwa kwako, iache siku hiyo, utajichosha bure.

Washa rekodi. Dakika tano za kwanza pumua tu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kisha pita mwilini kuanzia vidole vya miguu hadi taya, kila kiungo ukikiachia uzito wake. Taya ndiyo husahaulika. Acha meno yaachane. Baada ya hapo tafuta ule mtikisiko. Usiulize una maana gani, usihesabu. Usikilize tu kama unavyosikiliza mtu anayeongea chumba cha pili.

Akili itatoroka. Utajikuta unapanga kodi ya nyumba. Rudi kwenye mtikisiko bila kujikaripia, hata mara hamsini. Kila unaposikia zile noti tatu, jiulize kwa moyo wote: niko wapi sasa? Hii ni ndoto? Kisha fanya kipimo: bana pua kwa vidole na ujaribu kuvuta pumzi mdomo ukiwa umefungwa. Ukiwa macho, hewa haipiti. Ndotoni, mara nyingi hupita kabisa, na mshangao wake hausahauliki. Usifanye kipimo hicho kwa mazoea kama mtu anayetia sahihi. Ukikifanya ovyo ukiwa macho, utakifanya ovyo ndotoni, na utaamini uko macho.

Siku ya nne au ya tano hivi, mambo yataanza kuonekana nyuma ya kope. Vipande vya rangi, sura za watu usiowajua, sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Mimi mara ya kwanza niliona ngazi ya mbao, imelowa, na nikasikia sauti ya mwanamke ikitaja bei ya omena. Umefika kwenye mang'amung'amu. Usikimbilie picha. Ukizikodolea macho zinakwisha, ukizifuata zinakulaza. Ziache zipite, nawe ushike mtikisiko kwa mkono mwepesi.

Tatizo kubwa hapa ni kulala. Dawa yake ni ya zamani: lala chali, kiwiko kimekaa kwenye mkeka, mkono umesimama wima. Unaposinzia kupita kiasi, misuli inalegea, mkono unaanguka, unaamka. Wengine hushika kijiko juu ya sufuria. Watafiti wa Paris walilijaribu jambo hili mwaka 2021 kwa kuwapa watu fumbo la hesabu lenye njia fupi iliyofichwa, kisha mapumziko wakiwa wameshika kikombe, halafu wakarudi kwenye fumbo. Waliopita kwenye lepe la usingizi kwa angalau sekunde 15, asilimia 83 waliigundua njia ile. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama kwenye usingizi zaidi ya hapo waliipoteza faida hiyo. Ukingo ni mwembamba, na mkono wako ndio unaokuonyesha uko wapi.

Robert Monroe, mfanyabiashara wa redio wa Virginia aliyezieneza sauti hizi tangu miaka ya 1970, alikuwa na jina la hali unayoitafuta: akili macho, mwili usingizini. Utaijua kwa dalili mbili. Mikono inapoteza umbo, hujui kama vidole vimekunjwa au vimenyooka. Na unaweza kusikia mkoromo wako mwenyewe.

Daftari

Wakati huo huo, weka daftari na kalamu karibu na mto. Simu haifai, mwanga wake unafuta ndoto. Ukiamka, usisogee, usifungue macho. Jiulize, nilikuwa wapi hivi sasa? Kisha andika, hata maneno matatu. Andika kwa lugha uliyoota nayo. Baada ya wiki mbili soma yote, utaona vitu vinavyojirudia. Kwangu ni waya usiofika: nipo kwenye sherehe, watu wanasubiri, na kebo ni fupi kwa mita moja. Sasa mchana nikishika kebo yoyote, nabana pua. Wewe tafuta chako, iwe ni shule ya zamani, marehemu aliye hai, au matatu isiyo na dereva.

Usiku wa saa tisa

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90, na ndoto ndefu ziko kwenye theluthi ya mwisho ya usiku. Sisi tuliopo karibu na mstari wa ikweta tuna bahati: jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo ratiba yako haihitaji kubadilika.

Lala saa nne usiku bila sauti yoyote. Tega kengele saa tisa. Ukiamka, toka kitandani, nenda msalani, kunywa maji kidogo, kaa kwa dakika 15 au 20 kwenye mwanga hafifu. Soma daftari lako. Usifungue ujumbe.

Rudi kitandani ukiwa na rekodi ya pili. Hii ni tofauti: dakika 12 za mtikisiko, halafu ukimya wa dakika 25, halafu zile noti tatu kila baada ya dakika nne, mara sita tu, kwa sauti ya kunong'ona. Wakati mtikisiko unaendelea, kumbuka ndoto ya mwisho uliyoiandika, uirudie kichwani, ila safari hii jione ukigundua kwamba ni ndoto. Jiambie: nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota. Rudia mpaka usingizi ukuchukue ukiwa katikati ya sentensi hiyo. Mbinu hii ni ya Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide wa mwaka 2017, waliounganisha kipimo cha mchana, kuamka usiku na mbinu hii walifanikiwa asilimia 17 ya usiku katika wiki moja. Waliolala ndani ya dakika tano baada ya kuirudia walifika asilimia 46. Kwa hiyo usijilazimishe kukaa macho muda mrefu. Lala haraka, ukiwa na nia mdomoni.

Fanya hivi usiku mmoja kwa wiki, mbili ukizidisha. Anayekatiza usingizi kila siku anaharibu kumbukumbu, hasira zinapanda, na ndoto zenyewe zinakuwa chapwa.

Ukishajua kwamba unaota

Mara ya kwanza utaamka papo hapo kwa furaha. Kila mtu huamka. Mara ya pili, usipige kelele, usiruke juu. Angalia mikono yako, isugue viganja kwa viganja, gusa ukuta, taja kwa sauti vitu vitatu unavyoviona. Ndoto ikianza kufifia kama picha iliyoungua, endelea kusugua.

Kwamba hali hii ni ya kweli hakuna tena wa kubishana. Mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, Keith Hearne alirekodi mwotaji aitwaye Alan Worsley akitoa ishara kwa macho, kushoto na kulia, kama walivyokubaliana kabla hajalala. Macho hayapoozwi na usingizi wa ndoto, ndiyo maana yaliweza kusema. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilieleza jinsi waotaji walivyoulizwa hesabu ndogo, nane toa sita, wakajibu kwa macho: mbili.

Noti zako tatu huenda zikaja kwa sura nyingine. Mimi zimewahi kunijia kama kengele ya baiskeli, kama mtoto anayepiga sufuria, na mara moja kama adhana iliyotoka mbali ikiwa na do, mi, so. Ndiyo sababu ya kuzifundisha mwili kwa wiki mbili: unazitambua hata zikivaa nguo ngeni.

Jinamizi

Kuamka saa tisa na kulala chali huongeza uwezekano wa kukabwa. Uko macho, chumba unakiona, huwezi kusogea, kifua kimelemewa, na kuna mtu mlangoni. Nimekabwa mara nne na sitaki kukudanganya kwamba si kitu. Mara ya kwanza niliwasha taa hadi asubuhi. Kinachotokea ni hiki: katika usingizi wa ndoto, ubongo huzima misuli ya mwili ili usiinuke kukimbia unapoota unakimbia. Wakati mwingine akili huamka kabla swichi hiyo haijarudi, na ndoto iliyobaki inamwagika chumbani. Hupita ndani ya sekunde au dakika chache.

Usipigane. Ukipigana kifua kinabana zaidi. Toa pumzi polepole, sema sala yako moyoni, kisha elekeza nguvu zote kwenye kidole gumba cha mguu au ncha ya ulimi. Kikitikisika kimoja, mwili wote unafunguka. Kaa kitini dakika tano kabla ya kulala tena, na ulale kwa ubavu. Likirudi mara kwa mara, simamisha hatua za usiku kwa mwezi mzima, ubaki na taamuli ya jioni.

Kupunguza

Baada ya miezi miwili au mitatu, anza kukata mtikisiko kwenye rekodi ya jioni: dakika 30 ziwe 20, kisha 10, huku noti tatu zikibaki mahali pake. Ukiona mwili bado unalegea kwa wakati ule ule, endelea. Ukiona unahangaika, rudi nyuma wiki moja. Yangu ya sasa ina dakika mbili za mtikisiko, noti tatu, na uvumi wa mvua. Siku nyingine nasahau hata kuiwasha, na bado, nikiwa kati ya macho na usingizi, nasikia do, mi, so kutoka mahali fulani nyuma ya sikio la kushoto, nabana pua, na hewa inapita.